Si Malaria

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alipomwambia tena ndugu yangu "pole kwa malaria", niliweka thamosi mezani kwa nguvu mpaka mtoto wangu akaamka mgongoni.

Tulikuwa nyumbani kwa mama, Tongaren. Ndugu yangu mdogo alikuwa ametoka hospitali Lugulu wiki hiyo, na wote waliomletea sukari na unga walijua kilichompeleka huko. Lakini waliongea mvua, wakaongea mbolea, wakaongea bei ya mahindi soko la Moi's Bridge. Mimi sikutoka Kitale na mtoto mgongoni nije kusikiliza mbolea.

Nilimwangalia ndugu yangu. Akaniitikia kwa kichwa.

"Si malaria," nikasema. "Alijaribu kujiua."

Ndugu yangu mwenyewe akasema, "Mama mwenyekiti, hata mbu wa hapa wamechoka kusingiziwa, bana."

Shangazi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mwenyekiti alijizuia, akashindwa. Halafu akahama kiti, akaketi karibu na ndugu yangu.

"Na bado yanakujia, hayo mawazo?"

"Siku zingine. Daktari alisema yakija niseme haraka, nisikae nayo peke yangu."

"Utaniambia?"

"Nikikuambia, si utaniombea nipone malaria?"

Wakacheka tena. Ndugu yangu aliongea mpaka sufuria ya mahindi ya kuchemsha ikaisha. Mama, aliyekuwa amejificha jikoni tangu asubuhi, akaja akaketi, akala. Sikuwa nimesikia kelele tamu hivyo kwetu tangu tulipokuwa watoto.

Jumapili nikakasirika upya. Wazee wa kanisa walikuwa wamempa mtu mwingine ngoma ya kwaya anayoipiga ndugu yangu, ati apumzike, ati watoto wasiulize maswali. Na kwenye matangazo wakasema aliugua malaria. Ndugu yangu alikaa benchi la nyuma, vidole vikipiga goti. Basi nikaandika barua, yeye akasoma, akaongeza sentensi ya mwisho, na Jumatatu nikaipeleka mwenyewe ofisi ya kanisa:

"Kwa baraza la wazee. Nalalamika rasmi. Mlitangaza kwamba ndugu yangu aliugua malaria. Hakuugua. Alikata tamaa ya kuishi, akatibiwa, na bado anatibiwa. Yeye mwenyewe amekubali tangazo lirekebishwe mbele ya watu wote, ili mwingine mwenye mawazo kama hayo ajue anaweza kuyasema hapa. Watoto wakiuliza, wajibiwe. Ngoma arudishiwe, kupumzika amepumzika vya kutosha. Na huyo mliyempa anachelewa kwenye kiitikio."