Maji ya rejeta yaliingia kwenye giaboksi ya otomatiki tukiwa njiani kwenda kuposa Kihagara

Wakuu, za jioni. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili la magari kwa muda mrefu. Juzi nimeona vijana wanajadili coolant kuingia kwenye giaboksi ya otomatiki, mmoja akasema huo ni ugonjwa wa magari ya siku hizi. Nikacheka peke yangu sebuleni. Ugonjwa huo nilikutana nao enzi za Mwingereza, Uhuru ukiwa bado, huko kwetu Mbinga.

Nitaeleza kama ilivyotokea, siongezi chumvi. Umri huu nitamdanganya nani, na nipate nini.

Tuanze na gari lenyewe.

Baba mkubwa wangu, Mzee Ndunguru, alikuwa mkulima wa kahawa milimani, juu kidogo ya Mbinga. Mzungu mmoja wa mashamba ya tumbaku Songea alipokuwa anarudi kwao, aliuza gari lake, la Kimarekani, refu, otomatiki. Baba mkubwa akalinunua. Watu walitembea kutoka Ruanda, ile ya huku kwetu Mbinga, kuja kulitazama, na kila aliyechungulia ndani aliuliza pedali ya klachi iko wapi. Baba mkubwa alikuwa akijibu kwamba wakubwa hawakanyagi klachi.

Mimi nilikuwa fundi kijana kwenye gereji ya Mhindi mmoja pale Songea. Kazi yetu ilikuwa malori. Giaboksi ya otomatiki nilikuwa sijawahi kuifungua, na sikuwa na hamu ya kuifungua.

Sasa, Mabel.

Kuna mwaka nilitumwa ziwani, Kihagara, kutengeneza lori lililokufa injini. Kipuri kilichelewa, nikakaa huko majuma. Mabel alikuwa binti wa mwalimu wa pale. Mama yake alikuwa akimtuma aniletee chakula, ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Akishaniletea haondoki. Anachuchumaa pembeni ya lori ananiuliza hiki ni nini, kile kinafanya nini. Mwishoni nikiwa chini ya gari nilikuwa nanyoosha mkono tu, ananiwekea spana yenyewe, saizi ile ile, sijasema neno.

Wakuu, nimefanya kazi na mafundi wengi maishani. Hakuna aliyewahi kunipa spana vile. Mpaka leo nikishika kitu kwenye gari huwa kuna sekunde moja naacha mkono wazi.

Basi tulipendana, na nikapeleka ujumbe kwao. Baba yake hakufurahi sana. Wao watu wa ziwani wana kanisa lao, sisi Wamatengo ni Wakatoliki, na siku zile hilo lilikuwa jambo zito. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akasema mjomba wa Mabel yuko ng'ambo ya ziwa, upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, na amemtafutia nafasi ya kusomea ukunga. Wazee wetu wakija kuposa kabla meli ya kwenda huko haijafika, wataongea. Meli ikimkuta hajaposwa, ataondoka nayo, na habari iishie hapo.

Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo wa kuposa alikuwa baba mkubwa. Naye goti lake lilikuwa bovu, mteremko ule wa kwenda ziwani hawezi kuushuka kwa miguu. Akasema hakuna shida, tutashuka na gari. Nadhani pia alitaka watu wa ziwa walione.

Akaja Songea na dereva wa kuazima kunichukua. Kabla hatujaondoka akanigusia, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba siku hizi rejeta linakunywa maji sana na chini hakuna tone linalodondoka. Lakini ameshalitibu. Nikamuuliza amelitibu na nini. Akasema unga wa ulezi.

Vijana mnacheka, ila msicheke sana. Madereva wa malori milimani kwetu walifanya hivyo wote. Rejeta likivuja unatia konzi ya unga, maji yakichemka unga unaziba tundu, unafika safari yako. Kwa lori ni sawa. Tatizo ni kwamba gari la otomatiki lina oil cooler ndani ya rejeta, kibomba kinachopitisha mafuta ya giaboksi yapoe. Tundu lilikuwa hapo. Maji yalikuwa hayavuji nje, yanaingia kwenye giaboksi, na sasa yanaingia na unga.

Nilichomoa stiki ya kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta yalitakiwa yawe mekundu na safi. Yalikuwa na rangi ya waridi, mazito, yana povu.

Nikamwambia tusiondoke. Akaniuliza meli inakuja lini. Nikafunga boneti, tukaondoka.

Kigonsera tulipita vizuri. Baada ya hapo gari likaanza utani, injini inapiga kelele lakini gari haliendi, kisha linaruka kama limefinywa. Mlima wa kuingia Mbinga likagoma kabisa. Lori la kahawa lilikuwa linarudi tupu, likatuburuza mpaka nyumbani kwa baba mkubwa. Dereva wa kuazima akashukuru, akaaga.

Malori yote msimu ule yalikuwa yanaelekea Songea na kahawa. Ziwani hakuna lililokuwa linashuka.

Nikasema nitatembea. Kwa miguu ya ujana ningefika mapema tu, niwaeleze wakwe kilichotokea. Baba mkubwa akakataa, na hapa ndipo wengi wenu hamtanielewa. Kwetu kijana hatokei kwa wakwe kabla wazee hawajasema lao. Ukitokea mwenyewe umewatukana, umewaambia huna watu. Na kwa baba yake Mabel, ambaye tayari alikuwa anatafuta sababu ya kukataa, ningekuwa nimempelekea sababu mkononi.

Baba mkubwa akaniambia, "Ukienda wewe, mimi sitakuwa na la kuongea. Tengeneza gari, mwanangu."

Na kweli, nikiondoka nani angelitengeneza. Nikavua shati.

Tuliiteremsha giaboksi kwa magogo na kamba, nikisaidiwa na ndugu. Nilipoifungua ikatoa harufu ya pombe. Sitanii. Ule unga ulikuwa umekaa kwenye maji ya moto ukaanza kuchacha. Shangazi mmoja akainama, akanusa, akauliza imebaki siku ngapi iive.

Ndani kuna sahani nyembamba, za chuma tupu na zenye gamba la kushikia, zinapishana moja moja. Gamba limegundishwa, na maji ndiyo adui wa gundi. Nyingine zilikuwa zinabanduka nikizigusa na kidole. Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, mara nyingi, mpaka ule uji ukaisha.

Pa kukaushia palikuwa kwenye vichanja vya kahawa. Wa Mbinga mnavijua, zile meza ndefu za waya tunazoanikia. Ilikuwa kahawa ya mwishomwisho, nusu ya vichanja iko wazi. Nikavipanga vyuma vyangu kwa mpangilio ule ule niliovitoa, kutoka kushoto kwenda kulia, sahani, springi, pete, vigololi. Sikuwa na mwalimu wala kielelezo. Kile kichanja ndicho kilikuwa akili yangu.

Nikaenda kutengeneza njia mpya ya mafuta. Baba mkubwa alikuwa na pampu kuukuu ya kupulizia dawa kahawa, yenye bomba la shaba. Nikalikunja lile bomba mizunguko kadhaa, nikalifunga mbele ya rejeta lipate upepo, mafuta yapoe huko nje, yasikutane tena na maji. Nilikuwa najisikia fundi kwelikweli. Nilihesabu kwamba kesho nafunga, kesho kutwa tuko ziwani, na meli bado.

Mchana mvua ya kwanza ikaja bila hodi.

Mtu aliyezaliwa milimani kwetu anajua kinachofuata. Kahawa iliyokwisha kukauka haitakiwi kuguswa na mvua, kwa hiyo wingu likitanda hakuna kuulizana. Kila mwenye mikono anakimbia kichanjani anakusanya. Akina mama wakatoka jikoni, majirani wakaruka matuta, wakakusanya kahawa yote kwenye vikapu na magunia. Na kwa upendo uleule, wakakusanya na vyuma vyangu.

Nilipofika nimelowa, kichanja kilikuwa kitupu. Shangazi akaniambia kwa furaha, "Tumekuokolea vyote, hakuna hata kimoja kilicholowa."

Nikamshukuru.

Tukamwaga magunia sakafuni, nyumba nzima tukapiga magoti, tukachambua springi na vigololi kutoka kwenye kahawa. Kupata tulipata. Kupanga ndiko kulikonimaliza. Nilifunga, haikushika. Nikafungua, nikabadilisha, nikafunga tena. Sahani zilizobanduka gamba nilizitoa, nafasi yake nikajaza za chuma. Ilikuja kushika asubuhi ya siku yenyewe ya meli, gia ya mbele tu, ikakataa ya kurudi nyuma. Nikaamua kwamba kurudi nyuma hatuhitaji.

Nikatia mafuta ya giaboksi kutoka kwenye makopo aliyoyaacha yule Mzungu. Nikawasha. Gari likasogea lenyewe, polepole, bila kelele, na baba mkubwa akavaa koti lake.

Kushuka ule mteremko niliendesha mimi. Nilikuwa nasikiliza giaboksi kuliko nilivyowahi kusikiliza mtu. Ikabadilisha, ikabadilisha tena, haikuteleza hata mara moja. Nakiri nilikuwa na furaha, nikaanza kuyapanga maneno ya kumwambia Mabel.

Kisha tukafika ile kona ambayo ziwa linafunguka lote, nikaiona meli. Ilikuwa tayari iko mbali, imeelekeza mgongo kwetu.

Baba mkubwa naye aliiona. Akasema twende tu, kwa kuwa tuliahidi.

Tulifika Kihagara alasiri. Mimi nikabaki ndani ya gari, kama desturi inavyotaka. Baba mkubwa aliingia na fimbo yake, hakukaa sana. Baadaye aliniambia baba yake Mabel alimpokea kwa heshima, akampa maji ya kunywa, akasema, "Tuliwasubiri."

Mama yake ndiye aliyekuja mpaka kwenye gari. Nikamwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa. Akainama dirishani, akasema:

"Tangu asubuhi alikuwa amekaa pale barabarani na sanduku lake. Alisema ataondoka na kitakachoanza kusikika, gari au meli."

Halafu akaniambia nisafiri salama, mwanangu. Alikuwa mama mwema.

Mabel hakuwahi kurudi. Niliuliza mabaharia, nikatuma salamu kwa watu wanaovuka, hakuna jibu lililokuja, na kwao hawakutaka kunieleza alipo. Nikasikia baadaye sana kwamba aliolewa huko huko, alikuwa mkunga, ana watoto. Nami nilioa, mke mwema, Mungu amrehemu, tulizaa na tulicheka sana. Sisemi maisha yangu yalikuwa mabovu. Nasema tu kwamba kuna mtu ninayemkumbuka, na nimemkumbuka kila siku, na uzee haujapunguza hata kidogo.

Baba mkubwa alilitumia lile gari miaka mingi, bila gia ya kurudi nyuma. Alikuwa anapaki kwa kusukumwa na watu, na alisema hiyo ndiyo heshima.

Kwa mliokuja kwa ajili ya ufundi: rejeta likipungua maji na nje hakuna kinachovuja, usiongeze ukaondoka. Chomoa stiki ya giaboksi utazame. Ukiona rangi ya waridi, zima gari hapo hapo, usiliendeshe hata mita moja. Badilisha rejeta au weka cooler ya nje, osha mfumo wote mpaka mafuta yatoke mekundu, na sahani zenye gamba usizihurumie. Na usitie unga, wa ulezi wala wa aina yoyote. Wenye uzoefu zaidi ongezeni hapa chini, mimi nimestaafu.

Ila nina ombi. Naambiwa humu mpo mpaka wa Malawi, mpo wa Nkhata Bay na visiwa vya huko. Kama kuna mwenye bibi aliyekuwa mkunga, aliyezaliwa Kihagara, binti wa mwalimu, jina lake Mabel, naomba unisaidie. Kama yupo hai, kaa karibu naye umsomee. Kama ametangulia, nenda kamwambie hata kaburini.

Mwambie tulikuja. Siku ile ile, alasiri, gari lilifika.