Vazi la Bibi Shiome

Nagumo Hatsue alikuwa mchoraji wa mawimbi. Katika chumba cha ghorofani kule Nerima, ambako Mwalimu Kurosu alitunga katuni yake ya maharamia, kila mtu alikuwa na fungu lake. Mwalimu alichora nyuso na mapanga, Ogino alichora meli na nyumba, na Hatsue akaachiwa bahari, mawingu na nguo za watu. Alikuwa amefika umri ambao shangazi zake wa Kanazawa wameacha kumuulizia mume, sasa wanamuulizia mgongo.

"Dada Nagumo, mawimbi yako leo yamekaa kama tambi," Ogino alizoea kumwambia.

"Kula basi, maana mashua yako imekaa kama bakuli."

Siku zao zilipita hivyo, wino vidoleni na chai iliyopoa.

Hadithi ilikuwa changa bado, na haikuwa imeshika. Kadi za kura za wasomaji ziliiweka mkiani mwa jarida la kila wiki lililoichapisha, na katuni ya mkiani hukatwa bila matanga. Mwalimu akaamua kumpeleka nahodha wake, Rokuta, kwenye Kisiwa cha Chumvi, kwa Bibi Shiome, mwanamke mzee anayewasha moto juu ya mwamba ili vyombo visipotee. Bibi huyo alikuwa na mdomo. "Nahodha gani wewe, supu tu inakushinda kuishika!" alimwambia Rokuta mara ya kwanza walipokutana.

Pale kazini wote walijua mdomo ule ni wa nani. Ulikuwa wa Mama Ine, mzazi wake Mwalimu, aliyekuwa amelazwa hospitalini kule Tottori. Ilikuwa saratani. Daktari alimwambia mwana, na mwana, kama walivyofanya watu wengi siku zile, akamwambia mama kwamba ni vidonda vya tumbo. Kila wiki jarida lilimfikia kitandani. Bibi Shiome alikuwa zawadi yake, amcheke na ajione yu mzima.

Kumvisha bibi huyo kulikuwa kazi ya Hatsue. Ili apate mikunjo ya kweli, alivaa kimono yake, akasimama mbele ya kioo, akachora alichokiona. Kioo hugeuza. Mtu aliye hai hulaza upande wa kushoto wa vazi hilo juu ya ule wa kulia. Anayevishwa kinyume ni maiti peke yake. Mtoto wa shule anajua hilo. Hatsue, ambaye mama yake amevisha nusu ya maharusi wa Kanazawa, alimvisha Bibi Shiome kimaiti kurasa nzima nzima, akazipaka wino, akazipeleka.

Jarida lilipotoka, mhariri Tazawa alikuja mbio, jasho linamtiririka.

"Mwalimu, umetuua! Kadi zinamiminika. Wasomaji wameona ukosi ulivyolazwa kinyume. Bibi amekufa zamani, ule moto unawashwa na mzimu! Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Hakugeuza hata jicho upande wa meza ya Hatsue.

"Ningekuambia, ungeropoka," akasema.

Tazawa akacheka hadi akakohoa. Tangu hapo Bibi Shiome akawa mzimu, na katuni ikapanda kutoka mkiani. Hatsue aliendelea kuchora mawimbi akiwa ameinamisha kichwa. Angetukanwa, angepona. Lakini kila mara Tazawa alipoleta maandazi ya maharage kushangilia, alimsukumia Ogino fungu lake, maana alikuwa akilishwa kwa kosa lake, na aliyemfichia aibu alikuwa mtoto wa yule aliyevishwa sanda.

Adhuhuri moja Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kula, na simu ikalia. Hatsue akaipokea.

"Hapo ni kwa Kurosu? Mimi mama yake. Wewe nani?"

"Nagumo, Mama. Msaidizi wake. Samahani, Mwalimu ametoka kidogo."

"Afadhali. Yeye nikimpigia ananisimulia hali ya hewa." Mama Ine akavuta pumzi. "Mwambie nimeuona ukosi. Nimeelewa. Alishindwa kunitamkia, akanichorea. Mwambie sikukasirika."

Damu ilimpanda Hatsue masikioni. Aliinama mbele ya simu kana kwamba mzee yuko pale chumbani.

"Mama, sivyo! Ni mimi. Nilichora kutoka kwenye kioo, nikageuza. Mwalimu hakukusudia lolote. Ni upumbavu wangu, nisamehe."

Kicheko kikafumuka upande wa pili.

"Kwenye kioo! Ee, msichana wewe! Nami nimekesha nikigawa vyombo vyangu kichwani, bakuli hili la fulani, sufuria ile ya fulani!" Alicheka tena, safari hii taratibu. "Kwa hiyo ni vidonda tu? Nitarudi nyumbani?"

Jibu lilikuwa jepesi. *Ndiyo, Mama.* Neno lenyewe lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini Hatsue alikuwa ametoka kusema kweli sasa hivi, na ulimi ulikataa kugeuka haraka kiasi hicho. Alikaa kimya. Haikuwa zaidi ya pumzi moja.

"Ndiyo, Mama," akasema.

"Haya," Mama Ine akajibu kwa upole. "Una sauti nzuri, lakini hujui kudanganya. Usilie. Kazi njema."

Mwalimu aliporudi alimkuta Hatsue amepiga magoti karibu na mlango, paji la uso sakafuni. Ogino alikuwa amesimama na kalamu hewani, hajui aitazame dari au dirisha.

"Mama amepiga simu," Hatsue akasema. Akaeleza yote, kioo, ukosi, na ile pumzi moja.

Mwalimu alikuwa bado na koti mwilini.

"Nilitafuta jinsi ya kumwambia tangu masika," akasema. "Sikuipata." Kisha akamwinamia, akamwinamia kweli, kama mtu mwenye deni, akasema, "Asante kwa kuipokea simu ile."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Hatsue hivyo. Alitamani apigwe, afukuzwe, lolote isipokuwa shukrani.

Mwalimu akashuka ngazi kwenda kituoni kuwahi treni ya Tottori, akiacha nyuso zote kwenye meza yake bila macho. Wiki ile jarida liliwatangazia wasomaji kwamba katuni haimo kwa kuwa mtunzi anaumwa. Hatsue alibaki akichora bahari, ukurasa baada ya ukurasa, na bahari ile haikuwa na mtu.