Kihindi Changu cha Uongo Kisimani

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana mimi kicheko kimeniisha. Haya yalinipata mwenyewe, kwenye kisima cha mashine nje ya Hulugho, tena mchana kweupe. Wallahi.

Mimi mchunga ngamia nilikuwa na wimbo wangu wa Kihindi. Kihindi gani? Nilitunga tu! "Dilangi dilangi, pyarusha jaa," maneno hayana kichwa wala miguu, ila ukisikia utadhani ni filamu. Vijana wakaurekodi, ukachezwa harusini mpaka Ijara. Nikajiona mimi ndio mimi. Hata ngamia wa mama nikawa nawanywesha kwa wimbo huo huo. Kwetu ngamia huimbiwa ndipo anywe, na wimbo wa kunyweshea ni wa mababu. Mama akanikanya: "Mnyama anaamini sauti yako, usimdanganye." Nikamcheka: "Hooyo, ngamia anajua Kihindi?"

Basi siku hiyo, kiangazi kimetushika koo, nimejaza hori maji, nimeanza kuimba. Akatokea mwanamke ng'ambo ya hori, mtandio mwekundu, miguu haina hata vumbi. Akaupokea wimbo, akaongeza ubeti kwa lugha ile ile niliyoizua mimi! Tena aliisema kama mtu anayeongea na watu wa kwao. Ngamia wote wakainua vichwa.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

Akanijibu kwa Kisomali safi: "Siku zote kwa wimbo huu unawakataza ngamia maji. Mimi nimewaelewesha tu."

Kufumba na kufumbua, hayupo. Mchangani hakuna unyayo.

Hakuna ngamia aliyeinamisha shingo tena. Nikaimba wimbo wa mababu huku nalia. Mama akaja, akaimba mpaka sauti ikakauka. Tukawatumbukiza midomo majini, wakakaza meno. Ngamia wetu walikufa kwa kiu mbele ya maji, ndugu yangu, mmoja baada ya mwingine. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Amebaki ndama mmoja, namtilia maji kooni kwa mpira, na kila siku anakonda. Nimezunguka Garissa mjini nikiwaimbia Wahindi wa madukani. Wote wanasema hicho si Kihindi. Sasa nimuulize nani?

Usimwimbie kiumbe anayekuamini maneno usiyoyajua. Hujui unamwamuru nini. Na ukikutana na mwanamke yule, nakuomba kwa Mungu, usikimbie. Muulize kwa lugha yao "kunywa" wanasemaje, uniletee neno hilo haraka.