Unga wa Yomba

Nyumbani kwa Clotilde, kwenye kambi ya wafanyakazi pale Likasi, mji wa madini wa Katanga, firigisi ya kuku ilikuwa na mwenyewe. Kwao Kapolowe mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni yomba, ndugu wa kiume wa mama. Kwao Gaston, mume wake, mtoto ni wa baba na maneno yamekwisha. Kwa hiyo kila kuku alipochinjwa, wanaume wawili walikodolea macho sahani moja. Clotilde ndiye aliyekata shauri: firigisi kwa mdogo wake Dominique, paja kwa Gaston, na anayenung'unika akapike mwenyewe.

Dominique aliitafuna taratibu, huku amempakata Pitshou, mtoto wa kwanza.

"Huyu ni wangu," alikuwa akisema. "Siku nitakufa, njo yeye atakamata jina yangu. Weye Gaston ulizala tu."

Na ni kweli, kwa desturi yao jina la mwanamume halishikwi na mwanawe, hushikwa na mtoto wa dada yake. Dominique hakuwa na dada mwingine. Gaston alicheka tu. Baba yake aliletwa na kampuni ya madini kutoka jimbo la mbali la Kasai wakati wa Wabelgiji, lakini yeye alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, na hiyo Kasai aliiona kwenye ramani ya shule. Alijiona amepata mke, shemeji na kazi kiwandani, basi atafute nini tena.

Halafu ukafika mwaka wa tisini na mbili. Viwanda vilikuwa vinakufa, mishahara imekuwa hadithi, na wakubwa wanavutana huko juu. Watu walipaswa kuuliza nani aliyekula mali ya madini. Badala yake waliambiwa mikutanoni kwamba mwenye makosa ni jirani mwenye jina la Kasai, nao wakakubali, wengine kwa furaha kabisa. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Mama aliyeazima chumvi kwa Clotilde juzi alipita mlangoni akiimba neno hilo pamoja na watoto wake, amewafunga vitambaa vya mkutano kichwani. Kinyaa gani hicho, mtu kumfundisha mwanawe wimbo wa namna ile na mdomo bado una chumvi yako.

Gaston aliambiwa asirudi tena kazini. Wiki hiyo hiyo vijana wa mtaa walifika na fimbo, na kati yao alikuwemo Dominique. Hata hakujificha nyuma. Aliingia, akaangalia dari, akaangalia madirisha, akafungua mlango wa chumba cha kulala.

"Yaya, weye ubakie," alimwambia dada yake mkubwa. "Uko muntu wa hapa. Nyumba itabakia mu famille, mu ukoo yetu."

"Na batoto?"

"Batoto ni ba baba yabo. Bataenda naye."

Clotilde alingoja acheke. Alimjua mdogo wake kwa mizaha, alimbeba mgongoni tangu wote wakiwa wadogo. Dominique hakucheka.

"Firigisi yenye ulikuwa unakula mu hii nyumba," Clotilde alimwuliza, "ulikuwa unaikula sababu ya nini?"

"Ile ilikuwa zamani, yaya. Sasa ni politike."

Gaston naye alimsihi abaki. Clotilde alikunja mkeka, akachukua sufuria, akamfunga binti yake mdogo, Emmanuella, mgongoni, akamshika Pitshou mkono. Vijana walikuwa wameshaanza kugombania viti kabla hajafika barabarani.

Walikwenda gare, stesheni ya reli, kungoja treni ya Kasai, na treni haikuja. Watu kwa maelfu walikuwa wamelala pale, kwenye mabehewa mabovu, kandokando ya reli, chini ya mahema ya plastiki. Waalimu, mafundi, wauguzi, wazee waliozaliwa mji ule ule, wote wanajisaidia nyuma ya turubai moja huku wengine wakishika foleni ya maji. Mvua ilipoanza, uchafu wote ule ukaanza kutembea hadi kwenye mikeka. Clotilde alijifunza kupika bila kupumua kwa pua. Surua iliingia, kisha kuhara, na Emmanuella akashikwa na kuhara. Asubuhi moja jirani wa hema la pili, Madeleine, alimzika mtoto wake amemviringisha katika kitenge, akarudi, akaketi pale pale alipokuwa ameketi.

Siku hiyo ndiyo Dominique alipokuja. Gaston alikuwa amekwenda kutafuta maji. Dominique alikuwa na mfuko wa unga begani na kitambaa puani, na miguuni amevaa viatu vya Gaston vya kuendea misa. Anakanyaga kwa uangalifu, visichafuke.

Alitua unga. Alisema pole. Kisha akasema lililomleta.

"Bazee ba Kapolowe bananiuliza, siku nitakufa nani atakamata jina yangu. Minye siko na mupwa mwingine. Unipe Pitshou."

Clotilde alimwangalia mwanawe. Shingo ya Pitshou ilikuwa imekwisha, kichwa kimebaki kikubwa. Kule nyumbani kulikuwa na bati, maji ya bomba, na huyu mwenye unga. Akimtoa leo, mtoto ataishi. Akimkatalia, huenda kesho yeye mama ndiye atakayefungua kitenge chake kumzikia. Alikuwa tayari amevuta pumzi ya kumwita mtoto.

"Na Emmanuella?" aliuliza.

"Ule anagonjwa. Apone kwanza, kisha tutaona."

Yomba gani huyo. Ukoo wa Kapolowe unapita tumboni mwa mwanamke. Mvulana atashika jina la mjomba, lakini msichana aliyelala mkekani ndiye peke yake atakayewazaa watu wao. Dominique alilijua hilo tangu hajaota meno. Alikuwa amechagua katika desturi kama anavyochagua nyama kwenye sahani, na kipande kilichonuka amekisukuma pembeni. Clotilde alimwinua Emmanuella mkekani.

"Utabeba bote babili," alisema, "leo, hivi hivi. Ao hautabeba hata mumoja."

Dominique alimtazama msichana, nguo yake iliyolowa, nzi midomoni. Alikaza kitambaa puani.

"Yaya, nyumba ni ndogo," alisema.

Akaondoka, akiruka madimbwi. Mfuko wa unga aliuacha, pengine kwa aibu, pengine kwa kusahau. Clotilde alitamani kuumwaga kwenye tope mbele ya macho yake. Lakini watoto walikuwa na njaa, basi akainjika sufuria, akakoroga uji mwepesi, akampa Pitshou, kisha akamtilia Emmanuella kidogo kidogo kwa kidole. Yeye mwenyewe hakuuonja.

Gaston alirudi na ndoo, akaona mfuko.

"Nani alituletea unga?"

"Muntu mumoja," alisema Clotilde. "Anaikala mu nyumba yetu."