Nilivyoazimwa Ng'ambo

Nilikuwa nimemaliza fom siksi na nimechoka kungoja. Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kinatafuta urafiki na chuo cha ng'ambo, na nikaambiwa wakipatana, nafasi ya kwanza ya kwenda kusoma huko ni yangu. Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Kipsigis profesa wa hao wa ng'ambo kule Sosiot, mahali walitaka kuchunguza chai.

Asubuhi tulitoka Nairobi na Landrova: Profesa, mwanafunzi wake Tom, na mimi.

Kedowa tulisimama kidogo. Tom akanunua kabichi moja kubwa, akaipakata mpaka Kericho. Sikumuuliza.

Sosiot tulipokelewa na Mzee Langat, mwenyekiti wa wakulima. Mke wake akatumiminia mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Kabla hajaonja, Profesa alifungua karatasi zake akaanza: wanafunzi wake watapima mashamba, na chochote watakachopata ni mali ya chuo chake.

"Anawasalimia sana. Anapenda chai yenu," nikatafsiri.

Mzee akaniangalia. "Ameongea mpaka nzi wameshiba mursik yake, na amesema hayo tu? Kijana, leta yote."

Nikaleta yote, hata ile nafasi yangu ya kusoma kwao, huku naona ndege yangu ikiruka bila mimi.

"Hiyo si ni kimanagan?" Mzee akasema. "Mimi napeleka ng'ombe kwa rafiki wa mbali anitunzie. Maziwa anakunywa yeye, ndama ni wangu. Huyu anataka maziwa na ndama pia? Mwambie hapana."

"Na huyu kijana wetu akienda kwao," mama akauliza, "wao wanatuachia nani?"

Wote tukamgeukia Tom.

Nilipotafsiri, Profesa alitoka nje kuzunguka Landrova. Tom akampa mama ile kabichi, akamaliza mursik, akaomba ingine. Akasema atabaki. Profesa aliporudi alikuta mwanafunzi wake ameshaonyeshwa kitanda. Akafuta ule mstari wa mali, akaandika kwamba matokeo yatarudi Sosiot kwanza, akatia sahihi.

Njiani kurudi, kiti cha Tom kilikuwa wazi. Nilikuwa nimeona vyuo vikiandikiana miezi na miezi bila kufika popote, na sasa nilijua sababu: hakuna mtu alikuwa amekubali kuacha kitu chake kwa mwenzake.

Karibu na Nakuru, Profesa akauliza kama kuna neno nilimficha.

"Moja tu," nikamwambia. "Kwa kimanagan, Tom akizaa Sosiot, watoto ni wako."