Walimkubalia Mama Picha ya Kichwa

Mama alipoteza kiatu akitoka kanisani na hakujua. Aliingia nyumbani kwetu Kanyakine na kiatu kimoja, na jirani akaja nyuma yake ameshika cha pili. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia chini ya goti, na unyayo haukunyanyuka tena. Ulikuwa ukiburuta tu vumbi. Mgongo ulikuwa umemsumbua tangu msimu wa kupalilia maharagwe, lakini kwa wanawake wa kwetu mgongo hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye shamba la maua huko Timau, na mwajiri alikuwa ametukatia bima. Kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto, niliruhusiwa kumwandikisha mzazi. Siku ya kupewa kadi alikuja ofisa mmoja wa bima, shati limenyooka kama karatasi, akatugawia kofia na soda, akatuambia tukiugua tusiwaze lolote, kazi ya kuwaza ni yao. Nilimwamini mtu yule. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Nikaomba ruhusa nikampeleka Mama kwa daktari wa mifupa Meru mjini. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, kisha akamwambia anyanyue vidole vya mguu. Mama akajitahidi mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Vidole havikusogea.

"Kuna kitu kinabana mshipa wa fahamu hapa kiunoni," daktari akasema. "Nataka picha ya MRI, na si ya kungoja. Mshipa ukibanwa kwa muda mrefu, hata nikija kuufungua, mguu unaweza usirudi."

Mashine ilikuwa kwenye jengo hilohilo, chini ya ngazi. Niliuona mlango wake. Lakini kati yetu na ule mlango kulikuwa na kitu kinachoitwa idhini, yaani mtu fulani Nairobi, ambaye hajawahi kumwona Mama, aseme kama Mama anahitaji kile ambacho daktari aliyemshika mguu amesema anahitaji.

Msichana wa mapokezi akatuma ombi. Tukakaa pale mpaka wafagiaji wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Jibu likaja: tuanze na eksirei. Daktari akasema eksirei inaonyesha mifupa na shida haiko kwenye mifupa, lakini ikapigwa, ikaonyesha mifupa. Tukatuma tena. Safari hii wakasema mgonjwa afanyiwe kwanza mazoezi ya viungo kwa wiki kadhaa, halafu wataangalia. Nikawapigia simu.

"Mgonjwa anafanya kazi gani, madam?" dada wa huko akaniuliza, kwa ile sauti ya upole wanayofundishwa.

"Ni mkulima."

"Alistaafu lini?"

"Nimekwambia ni mkulima. Mkulima anastaafu vipi?"

Nikasikia akipiga chapa. "Sawa, madam. Nimeandika maumivu yanayotokana na umri."

Basi, kutoka kwenye kiti cha kuzunguka, dada yule alikuwa ameshamaliza kumpima. Nilijiuliza kwa nini vijana wetu husomea udaktari miaka yote ile, kama kumbe inatosha kujua kupiga chapa.

Tukaendelea kutuma, na Mama akaendelea kuburuta mguu, mpaka siku moja nikapata ujumbe kwenye simu: picha imekubaliwa. Nilimpigia Mama nikiwa palepale kazini, nikapiga kelele mpaka wenzangu wakageuka. Kesho yake tukakutana Meru. Fundi wa mashine akafungua kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Mama, hapa wamekubali picha ya kichwa."

Mama akanitazama, kisha akamtazama fundi. "Kichwa changu ni kizima," akasema. "Waambie wapige picha vyao."

Nilidhani atataka kurudi nyumbani. Badala yake akauliza ofisi ya hawa watu iko wapi. Walikuwa na tawi palepale mjini, na tukaenda polepole, ameniegemea bega. Kwenye meza tukamkuta kijana nadhifu aliyesikiliza huku akitazama skrini yake.

"Shosho, mfumo ndio umeandika hivyo. Sisi hapa hatuwezi kubadilisha."

"Mimi si shosho wako, sikumzaa mama yako," Mama akasema. "Na huyo mfumo ni nani? Mwite aje nimwonyeshe mguu."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka. Aliketi, akavua kiatu na soksi, akaunyoosha mguu mbele ya kijana.

"Finya."

"Shosho, haitakuwa vizuri..."

"Finya. Ukiona nimeshtuka, naenda nyumbani na sitawasumbua tena."

Kijana akafinya, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu. Mama alikuwa akimtazama usoni, hajapepesa jicho. Kijana akaachilia mguu, akainamisha macho, akaandika kwenye kikaratasi namba ya simu ya daktari wao wa Nairobi, yule anayekataa na kukubali.

Tukarudi kwa daktari wetu, akaipiga mbele yetu, sauti ikiwa nje ili nasi tusikie. Alieleza yote kwa utulivu. Yule wa Nairobi akasema kwa maoni yake mazoezi yangetosha.

"Samahani, mwenzangu," daktari wetu akauliza, "wewe ni daktari wa nini?"

"Wa meno."

"Basi huyu mama akiumwa na jino nitakutafuta. Leo nipe picha ya kiuno."

Idhini ilifika kabla hatujatoka chumbani humo. Jioni hiyohiyo Mama alipita ule mlango wa chini ya ngazi. Picha ilionyesha kile hasa daktari alichosema siku ya kwanza, na akampasua bila kuchelewa. Maumivu ya mgongo yakaisha. Unyayo haukurudi. Nilimuuliza daktari kama tungewahi ingekuwaje, akasema, "Pengine ungerudi," akaangalia pembeni.

Sasa Mama huvaa kifaa cha plastiki kinachoushikilia unyayo, na juu yake gambuti. Shamba la kule bondeni hawezi tena kulishukia, kwa hiyo amempa jirani alime nduma, yaani magimbi. Kila asubuhi husimama juu ya mteremko na kumpigia kelele kwamba anapanda karibu mno. Jirani hunung'unika, kisha hung'oa na kupanda upya.