Kitufe cha Kuingilia

Kazini walimwita Kobe, kwa sababu hakukubali kuharakishwa. Wenzake, waliokuwa wakitengeneza programu za simu katika chumba kilicho juu ya duka la matairi, walimtania kwamba simu zenyewe zitapitwa na wakati kabla hajamaliza kazi. Yeye alicheka tu, akaendelea.

Programu aliyoijali kuliko zote ilikuwa ya shirika dogo linalowasaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Mwanamke alimwandikia mshauri kwa siri, naye akajibiwa. Taabu ilikuwa mlangoni. Wengi walisahau neno la siri, wakajaribu, wakashindwa, wakakata tamaa.

"Kobe, mtu aliyevimba uso hana akili ya kukumbuka herufi kubwa na tarakimu," mshauri alimwambia. "Tufungulie mlango, baba."

Kobe akaweka kitufe: ingia kwa akaunti ya barua pepe iliyo tayari kwenye simu yako. Ukibonyeza, umeshaingia. Alikijaribu kwenye simu mpya na kuukuu, mtandao ukiwa mzuri na ukiwa wa kusuasua. Hakikukwama popote. Wanawake wakamiminika, hata mshauri akaleta keki ofisini.

Dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliishi na mumewe upande wa pili wa mji. Mchana mmoja jirani wa dada huyo akapiga simu. "Njoo hospitali. Usiulize, njoo."

Kobe alimkuta jicho moja limefunikwa bandeji na taya limefungwa kwa waya. Maneno yalimtoka dada kati ya meno.

"Ni shemeji?"

"Alisoma."

"Alisoma nini, dada?"

"Niliyomwandikia mshauri. Yote. Hata siku niliyopanga kuondoka."

Kobe akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliuliza akaunti ilifunguliwa na nani, ingawa jibu alishalijua. Mume ndiye aliyemnunulia mkewe simu, ndiye aliyeifungua akaunti, na akaunti hiyohiyo ilikuwa kwenye simu yake mwenyewe pia. Dada alipobonyeza kitufe, barua pepe ikaja: akaunti yako imeunganishwa na programu mpya. Mume akaisoma kabla yake. Akaipakua ile programu, akabonyeza, akaingia kama yeye ndiye mkewe. Hakuulizwa chochote.

"Mbona hukuniambia kwamba anakupiga?"

"Ungemfuata, akuue. Nikaona heri nimwandikie mshauri." Dada alivuta pumzi. "Nilijua programu ni yako, mdogo wangu. Ndiyo maana sikuogopa."

Hakusema kwa kulaumu. Kobe alitamani amlaumu.

Kesho yake alikiondoa kitufe, kisha akamweleza bosi na mshauri sababu bila kuficha. "Wewe hukuinua mkono, kijana," bosi alisema. "Mkosaji ni aliyepiga." Kwa Kobe, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mshauri akauliza: "Na wengine je?" Hakuna aliyejua. Siku ile nzima mshauri aliwapigia wanawake simu mmojammoja. Baadhi hawakupokea, na mmoja simu yake ilipokewa na mwanamume.

Mahali pa kitufe Kobe aliweka tarakimu nne anazojichagulia mwanamke mwenyewe, zinazoulizwa kila anapoingia. Wengi walizisahau, wakarudi kule kule kwenye kukata tamaa. Safari hii mshauri hakulalamika.

Shemeji alikamatwa, akatoka kwa dhamana, na kesi ikawa ya kuahirishwa. Dada alihamia kwa Kobe. Taya lilipona likiwa limekaa upande. Jicho halikuona tena. Kobe alimnunulia simu mpya, akataka amfungulie akaunti ya peke yake, mwingine asiijue.

Dada aliishika ile simu, akaigeuza huku na huku, akamrudishia.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Mtu akinitaka, atanikuta hapa."